Sarafu za zamani: Ni kosa la kiwandani ao ni uharibifu tu?

Katika nyumba nyingi za Butembo, Beni, Lubero na Kasindi kunabakia mkebe wa zamani wa maziwa ao mfuko wa kitambaa wenye feza za chuma. Ni za babu, ni za wakati wa Wabelgiji, ao ni makuta za wakati wa Mobutu. Hakuna soko linalozipokea tena. Watoto wanazichezea, na mara moja kwa mwaka mtu anazimwaga juu ya meza na kuuliza kama ziko na faida yoyote.

Siku hizi swali hilo limepata nguvu mpya. Katika simu kunapita picha na video zinazosema kwamba sarafu yenye kosa la kiwandani inauzwa dola elfu nyingi. Kijana anaona sarafu iliyopinda, ao yenye tundu pembeni, na anasema: « Papa, hii iko na kosa, usiiuze bei ya bure! » Mwingine anakuja na kusema: « Mama, hii imeharibika, nikupe franka elfu mbili tu. » Wote wawili wanaweza kuwa wanajidanganya, ao mmoja anamdanganya mwenzake. Kwa jamaa iliyokimbia kijiji katika eneo la Beni, ambako mauaji ya raia yanaendelea tangu mwezi wa kumi 2014, mkebe ule unaweza kuwa kati ya vitu vichache vilivyookolewa. Kwa hiyo inafaa kujua tofauti kati ya kosa la kweli na uharibifu wa kawaida.

Sarafu gani zinapatikana huku kwetu

Kongo haina feza za chuma zinazotembea sokoni leo. Franka ya sasa ilipoanza tarehe 30 mwezi wa sita 1998, hata santimu zake zilikuwa za karatasi. Kwa hiyo sarafu zinazopatikana nyumbani ni za nyakati za mbele, ao zimetoka nchi jirani.

Za kwanza kabisa ni za Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II, kuanzia 1887. Santimu zake za shaba ziko na tundu katikati na nyota upande mmoja. Kuliko zote inajulikana franka 5 ya feza nyeupe yenye sura ya Leopold: gramu 25, na sehemu 900 juu ya 1,000 ni feza safi. Kiisha zikaja za Kongo ya Wabelgiji: santimu 5, 10 na 20 zenye tundu, na franka 1 yenye mti wa mgazi. Mwaka 1943, wakati Ubelgiji ilikuwa chini ya jeshi la Wajerumani, franka 2 yenye pembe sita na picha ya tembo ilifuliwa Philadelphia, Marekani. Mwaka 1944 ikafuliwa franka 50 ya feza nyeupe, nayo yenye tembo, huko Pretoria, Afrika ya Kusini. Katika miaka ya 1950 zikaja sarafu nyepesi za aluminiamu zenye majina ya Kongo na Ruanda-Urundi pamoja.

Kisha uhuru kulikuwa franka 10 ya 1965 yenye kichwa cha simba. Mwaka 1967 zaire ilichukua nafasi ya franka, na sengi, likuta na makuta zikaingia mfukoni. Za mwisho kutembea ni zaire 1, 5 na 10 za 1987 na 1988, ambazo kupanda kwa bei kulizimaliza nguvu haraka.

Upande wa Kasindi kuna pia shilingi za Uganda zinazopita mpaka wa Mpondwe kila siku: ya 100 yenye ng'ombe wa pembe ndefu, ya 200 yenye samaki, ya 500 yenye korongo. Na mara mojamoja kunatokea senti za zamani za Afrika ya Mashariki zenye tundu, za wakati wa Waingereza.

Namna sarafu inavyofuliwa

Bila kujua sarafu inatoka wapi, mtu hawezi kujua kosa lake. Kazi iko na hatua nne. Kwanza, mashine inakata visahani vya mviringo katika bamba la chuma, sawa mama anavyokata maandazi katika unga uliotandazwa. Pili, kisahani kinabanwa pembeni ili ukingo uinuke. Kama sarafu itakuwa na tundu, tundu linatobolewa wakati kisahani kingali kitupu. Tatu, kisahani kinawekwa ndani ya pete ya chuma kigumu, kati ya mihuri miwili, mmoja chini na mmoja juu. Nne, mihuri inagonga mara moja kwa nguvu kubwa sana. Chuma kinatembea kidogo, kinajaza kila herufi na kila shimo la muhuri, na pete inakizuia kisipanuke.

Kosa la kiwandani ni lile lililotokea katika moja ya hatua hizo nne. Kitu chochote kilichoipata sarafu kisha kutoka katika pete, hata kama ni siku ileile, ni uharibifu. Swali la kujiuliza ni hili: mashine ingeweza kufanya hivi katika hatua gani? Kama hakuna hatua inayoweza kuleta alama ile, basi alama imeletwa na mtu, udongo, moto ao barabara.

Makosa ya kweli, na alama zake

*Picha iliyokwenda kando.* Kisahani hakikukaa vizuri kati ya mihuri. Sehemu moja ya picha inakosekana, na mahali pake kuna chuma laini kisicho na chapa. Alama ya kuhakikisha: upande wa pili nao lazima uonyeshe upungufu mahali palepale, sababu mihuri yote miwili inagonga pamoja. Sarafu yenye upande mmoja uliofutika na upande wa pili mzima kabisa, mara nyingi imesagwa ao imepigwa tupa.

*Kisahani kilichokatwa vibaya.* Mashine ilikata mahali ambapo ilikuwa imekwisha kukata, na sarafu ikatoka na pengo la upinde sawa mwezi mchanga, ao sawa andazi lililoumwa. Katika sarafu ya kweli ya namna hii, herufi zilizo karibu na pengo zinanyooka kidogo kuelekea pengo, kwani chuma kilitembea kwenda upande usio na kizuizi. Na mara nyingi ukingo wa upande unaokabili pengo unakuwa dhaifu, kwa sababu wakati wa kubanwa hapakuwa na kitu cha kusukuma upande huu. Aliyekata kwa mkasi ao msumeno hawezi kuiga ile: herufi zake zinakatika ghafula, na mkato unaonyesha mistari ya chombo.

*Mstari ulioinuka.* Muhuri ukipasuka, chuma cha sarafu kinaingia ndani ya ufa, na sarafu inatoka na mstari mwembamba ulioinuka. Mkwaruzo wa kawaida ni kinyume: unachimba ndani. Hii ndiyo njia rahisi kuliko zote. Ukucha ukipita juu ya mstari na kugonga kitu kilichoinuka, kuna sababu ya kuangalia zaidi. Ukucha ukianguka ndani ya mfereji, ni mkwaruzo.

*Herufi iliyopotea.* Mafuta ya mashine yakichanganyika na vumbi yanaziba herufi ndani ya muhuri. Sarafu inatoka bila herufi ile, ao ikiwa hafifu, lakini chuma kinachoizunguka kinabaki kizima. Katika sarafu iliyochakaa mambo ni tofauti: sehemu zilizoinuka zaidi zinaisha kwanza. Nywele za mfalme, shavu lake, mgongo wa tembo. Herufi moja ikikosekana na majirani zake wako wazi, ni jambo la kuchunguza. Zikififia zote pamoja, ni vidole vya miaka.

*Picha ya kioo.* Sarafu moja ikibakia imenasa katika muhuri, inayofuata inagongwa nayo. Inatoka na picha ya kawaida upande mmoja, na upande mwingine picha ileile iliyogeuzwa na kudidimia. Ni kosa linalotafutwa, na kwa sababu hiyo linaigwa. Mtu anaweka sarafu mbili pamoja katika jiliwa, kile chuma cha fundi cha kubania vitu, anakaza mpaka moja iache alama juu ya nyingine. Wa kuigiza anajulikana hivi: chini ya alama ya uongo bado kunaonekana mabaki ya picha yake ya kwanza, na upande wa pili picha imelala kwa kubanwa.

*Tundu lisilo mahali pake.* Kwa kuwa tundu linatobolewa mbele ya kugongwa, katika kosa la kweli chuma kilichozunguka tundu kimegongwa pamoja na picha, na mdomo wa tundu ni laini. Tundu lililotobolewa nyumbani linakata picha, na chuma kinatokeza upande wa pili sawa bati lililopigwa msumari. Wengi walitoboa sarafu ili kuzivaa shingoni ao kuzishona juu ya nguo. Tundu la namna hiyo karibu na ukingo, juu ya kichwa cha picha, ni la mapambo. Linaweza kuwa na historia nzuri ya jamaa, lakini si kosa la kiwandani.

*Maandiko mawili.* Muhuri wenyewe ukichongwa na picha mara mbili, sarafu zote zinazotoka kwake zinaonyesha herufi zenye ncha mbilimbili, na kila sehemu iko na unene wake kamili. Lakini kuna mfano mwingine unaopatikana mara nyingi sana: muhuri ulitikisika kidogo ulipokuwa unaachana na sarafu, ukasukuma pembe za herufi. Hapo kivuli cha herufi kiko chini, kimelala sawa ngazi ndogo. Huu wa pili hauongezi bei.

Vitu vinavyofanana na makosa, kumbe sivyo

Mkanganyiko mkubwa huku kwetu unatoka katika lugha. Sarafu nyingine ya zamani imeandikwa « BELGISCH CONGO » badala ya « CONGO BELGE ». Watu wanasema fundi alikosea kuandika. Hapana. Ni Kiflama, lugha ya pili ya Ubelgiji. Katika miaka ya 1920 baadhi ya sarafu zilifuliwa kwa lugha mbili: nyingine za Kifaransa, nyingine za Kiflama, na zote ni halali.

Pembe sita za franka 2 ya 1943 nazo si kosa. Zote zilikuwa hivyo. Miaka mitatu baadaye franka 2 mpya ikatoka ya mviringo, na mtu anayeweka zote mbili pamoja anaweza kufikiri kwamba moja imekatwa pembeni.

Rangi pia inadanganya. Shaba iliyokaa katika udongo wenye maji inapata kutu ya kijani. Aluminiamu inapata unga mweupe na mashimo madogo. Sarafu iliyopita motoni, kwa mfano nyumba ilipoungua, inakuwa nyeusi, na zile zilizopakwa chuma kingine juu zinapata malengelenge. Sarafu nyingine ilipakwa rangi ya dhahabu na sonara ili iwe hereni. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyotoka kiwandani hivyo.

Sarafu yenye kichwa pande zote mbili ni ya wachezaji wa mazingaombwe. Mafundi wanachukua sarafu mbili, wanazichonga na kuziunganisha. Kioo cha kukuza kitaonyesha mshono mwembamba ndani ya ukingo, na ikiangushwa juu ya saruji sauti yake ni butu. Afadhali kuiangusha juu ya kitambaa tu, kama bado haijajulikana ni nini.

Kuna pia sarafu ambazo ufundi wake wote ulikuwa wa haraka. Mfano mzuri ni za Tabora, Tanzania ya leo. Mwaka 1916 Wajerumani walikuwa wamefungiwa njia za bahari, wakafua sarafu zao katika karakana ya reli: heller 5 na 20 za shaba na shaba nyeupe, na rupia 15 za dhahabu zenye tembo. Jeshi la Kongo ya Wabelgiji, Force Publique, liliingia Tabora tarehe 19 mwezi wa tisa mwaka uleule. Sarafu zile ziko na unene usio sawa, picha hafifu na nyufa za mihuri. Kwao hali hiyo ni ya kawaida, haiongezi bei. Ndiyo maana sarafu haipimwi peke yake. Inalinganishwa na ndugu zake wa mwaka mmoja na kiwanda kimoja.

Vyombo vinne vya kupimia

Hakuna haja ya maabara. Cha kwanza ni kioo cha kukuza, kile mafundi wa saa na wa simu wanachotumia. Kinachokuza mara kumi kinatosha. Mwanga uje kutoka pembeni, sawa jua la saa kumi na moja ya jioni, ili vilivyoinuka viache kivuli.

Cha pili ni mizani ndogo. Butembo haikosi mizani ya namna hiyo, kwa kuwa wanunuzi wa dhahabu wanapima mpaka sehemu ndogo za gramu. Sarafu iliyochakaa inapungua uzito kidogo. Iliyosagwa ao kukatwa inapungua zaidi. Iliyogongwa juu ya kisahani cha sarafu nyingine inaonyesha uzito wa ile nyingine. Franka 5 ya Leopold yenye gramu 19 haina maelezo ya kosa. Ni ya bandia ao imeharibiwa sana.

Cha tatu ni sumaku. Feza nyeupe, shaba na aluminiamu hazivutwi. Sarafu inayoitwa ya feza ikiruka na kushika sumaku, mazungumzo yameisha. Lakini sumaku ikiiacha, hiyo si hakikisho, sababu hata risasi na shaba nyeupe haivuti. Na katika shilingi za Uganda mtu aangalie mwaka: chuma kilibadilishwa, ya 100 ya zamani haivutwi na ya baadaye inavutwa. Tofauti hiyo si kosa.

Cha nne ni sarafu nyingine ya namna ileile. Hiki ndicho watu wanachosahau. Kuweka mbili kando kwa kando, na picha za pande zote mbili, kunajibu maswali mengi kuliko video yoyote.

Mbele ya kuuza, mbele ya kununua

Jambo la kwanza: sarafu isisafishwe. Ndimu, mchanga, majivu, dawa ya meno na sufi ya chuma vinaondoa ngozi ya sarafu, na anayekusanya analipa kwa ajili ya ngozi ile. Sarafu nyingi nzuri zimepoteza bei yake jikoni, katika dakika tano, kwa mkono wa mtu aliyetaka zing'ae. Maji safi na kitambaa laini vinatosha, bila kusugua.

La pili: kosa si lazima liwe na bei kubwa. Ufa mdogo wa muhuri ni jambo la kawaida. Bei inatoka kwa mambo matatu pamoja: kosa linaonekana bila taabu, sarafu haijachakaa, na kuna watu wanaoitafuta. Kwa sarafu nyingi za aluminiamu za miaka ya 1950 na za makuta, zilizofuliwa kwa wingi sana, bei inabaki ndogo. Kinyume chake, franka 5 ya feza nyeupe ya Leopold iko na thamani hata bila kosa lolote, kwa sababu ya chuma chake na umri wake. Anayeikubali kwa bei ya kilo ya shaba amepoteza.

La tatu: mnunuzi anayeomba feza kwanza si mnunuzi. Maneno yake yanajulikana: kuna ada ya cheti, kuna ada ya forodha, kuna ada ya mtu wa Kampala, kiisha dola elfu hamsini zitafika. Zinazofika ni simu zinazoomba ada nyingine. Mnunuzi wa kweli anaomba picha wazi za pande zote mbili na za ukingo, uzito, na upana. Anayekataa kusikia uzito na kusifu tu kosa, anatafuta kitu kingine.

La nne: kusiachwe kutengeneza « kosa » kwa nyundo ili kuuza. Mwenye kununua akigundua, jina la muuzaji linaharibika kuliko sarafu yenyewe, na Butembo ni mji wa biashara ambako jina la mtu linatembea haraka kuliko gari lake.

Hesabu ileile kwa dola ya karatasi

Mwenye kufahamu tofauti hii anaweza kuitumia kila siku sokoni, ambako bile ya dola yenye mpasuko mdogo inakataliwa. Bile iliyokatwa kombo ao yenye namba zilizopigwa mahali pasipo pake kiwandani ni kosa la uchapaji: rangi iko ndani ya karatasi na mistari haikatiki. Bile yenye doa, mkunjo, moto ao gundi imeharibika tu. Iliyoharibika haikuwa ya bandia kwa sababu hiyo. Sheria ya Marekani yenyewe inakubali kulipa bile iliyoharibika kama zaidi ya nusu yake imebakia na inatambulika, ijapokuwa mlango wa kulipwa uko mbali na soko la Beni.

Kwa mkebe ulio chini ya kitanda, hatua ni chache: kumwaga sarafu juu ya kitambaa, kuzipanga kwa mwaka na aina, kupima, kuangalia kwa kioo, na kuandika katika daftari kila moja ilitoka kwa nani. Hata zikionekana zote zimechakaa tu, daftari lile litawaambia wajukuu ni soko gani babu alinunua chumvi kwa franka ya tembo, na kwa nini makuta zile hazikumfikisha mbali.